Mshenga wa Nyota Zilizozimika

Pale Kinondoni Mkwajuni, ukiulizia nyumba ya Suleiman wa Posa, hata mbuzi wa jirani atakuonesha. Ushenga hakuusomea, maana chuo chake bado hakijafunguliwa, na siku kikifunguliwa yeye ndiye atakayeomba ukuu wa chuo. Kazi inayomlisha ni uwakala wa kutoa mizigo bandarini. Kila asubuhi huenda Kurasini na shati jeupe na simu mbili, moja ya kupokelea wateja na nyingine ya kujifanya anapokea wateja. Lakini kazi iliyompa jina ni hiyo ya posa. Nusu ya ndoa za mtaa wake zimepita kwenye ulimi wake, na ile nusu nyingine, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiyo inayojaza mabaraza ya usuluhishi.

Ujuzi wenyewe aliupata kwenye makontena. Bandarini, kila kitu alichokiumba Mungu na kila kilichotengenezwa China kina fungu lake la ushuru. Kuna fungu la viti, kuna fungu la vioo, kuna fungu la chakula cha kuku. Mzigo wenye fungu hutoka getini ukaenda zake. Mzigo usio na fungu hulala yadi mpaka majani yaote pembeni yake, na mwenye mali apige simu mpaka sauti imkauke. Kwa hiyo Suleiman akipewa kijana wa kumposea, kabla hajauliza hata jina la babu yake, humtafutia fungu. Muuza mitumba wa Tandika akawa mtu wa biashara ya nguo za nje. Dereva wa bajaji akawa yumo kwenye usafirishaji. Kijana mmoja ambaye hajawahi kufanya chochote, aliyeshinda kijiweni tangu apate akili, akawa bado anaangalia fursa, akaozwa vizuri tu, na mpaka leo anaangalia.

Posa ya Suleiman haikuwahi kurudishwa, na hilo alilitaja hata misibani. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo mwenyewe aliihesabu kuwa kipaji: hakuweza kuvumilia ukimya. Katika dini na desturi ya watu wake, binti akiulizwa kuhusu posa halafu akanyamaza, kunyamaza huko ndiyo ridhaa. Ni ukimya wenye heshima yake, wa kusikilizwa. Suleiman hakuwahi kuusikiliza hata mmoja. Baba wa binti akishauliza tu, kabla mtoto wa watu hajapata nafasi ya kuinamisha uso, Suleiman ameshadakia, "Alhamdulillahi, kanyamaza, amekubali!" Huenda kuna mabinti waliokuwa wanavuta pumzi tu ili waseme hapana.

Sasa katika nyumba hiyo ya maneno ndimo alimolelewa Talha.

Talha ni mtoto wa marehemu Tunu, dada yake Suleiman. Tunu alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, na Suleiman na mkewe Rukaiya, ambao hawakujaliwa wa kwao, wakamchukua. Alikuwa mtoto mkimya. Rukaiya alisema hiyo ni kwa sababu maneno yote ya nyumba ile yalikuwa yameshachukuliwa na mtu mmoja. Akasoma, akasoma tena, akaenda chuo kikuu, na wenzake walipotoka na vyeti vyao kwenda kutafuta kazi yeye akabaki hukohuko, akawa anafundisha fizikia na kupiga hesabu zake pamoja na watu wa nchi za mbali. Suleiman alijivunia mno. Alikuwa hajui anajivunia nini, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu.

Si kwamba hakuelezwa. Alielezwa asubuhi nyingi, mbele ya chai na vitumbua.

"Mjomba, nyota ikishamaliza kuwaka, inabaki kama kaa," Talha alikuwa akisema. "Ndogo, saizi ya dunia hii, lakini nzito kama jua. Wanaziita vibete vyeupe."

"Mpaka huko juu kuna vibete?" Rukaiya akauliza siku moja, akimimina chai.

"Sasa zikiwa mbili, jirani kabisa, zinazungukana. Na kila zinavyozungukana zinaitikisa nafasi yenyewe, hii tuliyomo, na mtikisiko unasambaa kila upande. Ndiyo mawimbi ya uvutano. Kutikisa huko kunazila nguvu, kwa hiyo zinasogeleana. Zikisogeleana zinaongeza kasi. Mwisho zinagusana, zinalipuka."

"Na wewe hapo unafanya nini?" akauliza Suleiman.

"Napiga hesabu za mtikisiko wenyewe utakavyokuwa, mpaka kwenye mlipuko. Ili ukija tuujue."

"Umeshawahi kuusikia?"

"Bado. Huo wa mlipuko hajausikia mtu yeyote. Vyombo vilivyopo vinasikia mitikisiko mingine, huu ni wa chini mno. Chombo chake hakijarushwa."

"Kinarushwa lini?"

"Wanasema miaka ya elfu mbili na thelathini na kitu huko. Mungu akipenda."

Suleiman akamtazama mpwa wake kama anavyomtazama mteja anayekuja ofisini kuulizia kontena, kumbe hata meli yake haijaundwa. Akachukua kitumbua kingine, akasema kazi ni nzuri sana, na akatoka kwenda Kurasini akijiuliza fungu lake ni lipi.

Fungu likaja kuhitajika mapema kuliko alivyotaka. Talha alialikwa shule moja ya msingi Mbagala kuzungumza na watoto kuhusu anga, akakaribishwa na mwalimu wao wa sayansi, Naima. Mwalimu Naima ana sauti ya kunyamazisha darasa la watoto mia bila kushika fimbo, na ana ugonjwa wa walimu wote, kosa likiandikwa ubaoni hawezi kulipita mpaka alifute. Siku ile Talha alikosea kidogo kwenye mchoro. Akasahihishwa mbele ya watoto. Akarudi Kinondoni akiwa amekwisha.

Baada ya miezi kadhaa ya simu ambazo nyumba nzima ilijifanya haizisikii, Talha alimfuata mjomba wake barazani. "Mjomba, nataka uniposee. Na nikikukwaza unisamehe, ila hii usiifanyie mchezo. Nikimkosa huyu, mie sitaki mwingine."

Mtu mkimya akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo, hakuna haja ya kumuuliza kama ana uhakika. Na haraka ilikuwepo. Baba yake Naima, Mzee Mfaume wa Tandika, alikuwa mpiga ishara wa reli aliyestaafu, mtu wa maneno machache na masikio mazima. Tayari alikuwa ameshabishiwa hodi na mshenga wa bwana mmoja mwenye malori ya mchanga. Hakuna fungu zuri duniani kama lori la mchanga. Linaonekana, linapiga honi, linaziba njia. Na kwa kina Mfaume, kama kwa watu wengi wa pwani wenye kujiheshimu, posa ikirudishwa imerudishwa. Mlango ule hubishi tena.

Suleiman akavaa kanzu, akaifunga barua ya posa kwenye kitambaa, akachukua wazee wawili wa msikitini ambao kazi yao ni kusema "naam", wakaenda Tandika. Kijana anayeposa haendi. Hukaa kwake na kungoja kuambiwa amekuwa nani.

Mwanzo ulikwenda kwa raha. Suleiman alieleza kwamba walikuwa wakipita njia wakaona ua zuri kwenye bustani ya watu, wakasema si vizuri kulichuma bila kuwaona wenyewe. Akaongeza kwamba kijana na binti hawajuani kabisa, zaidi ya salamu ya mbali. Kila mtu pale alijua kwamba huo ni uongo, na kila mtu aliuheshimu. Bila uongo huo shughuli haiwezi hata kuanza.

"Naam," wakasema wazee wawili.

"Kijana mwenyewe anashughulika na nini?" akauliza Mzee Mfaume.

Hapo ndipo mtaalamu wetu akaona yadi yote mbele yake na kontena moja lisilo na jina. Aseme nyota? Temeke nzima, mtu anayeshughulika na nyota ni yule mganga mwenye kibao kwenye nguzo ya umeme, anayerudisha wapenzi waliopotea na kukuza vitu vingine ambavyo mbele ya mkwe havitajwi. Aseme mitikisiko? Ataulizwa kama Dar kunakuja tetemeko. Aseme anasubiri? Kwani nani hasubiri?

"Yupo kwenye mambo ya anga," akasema.

"Rubani?"

"Hapana, mzee wangu. Yeye anaiangalia tu kwa kutumia hesabu."

"Kumbe mtu wa hali ya hewa."

Fungu hilo limekuja lenyewe, kwa miguu yake, limevaa vizuri. Angefanyaje?

"Naam, mambo ya hali ya hewa," akasema Suleiman.

Uso wa Mzee Mfaume ukakunjuka. Ilikuwa masika, na paa lake lilikuwa limechakaa, mabati yametoboka. Fundi alikuwa anamsumbua kila siku aruhusu kuezua, na yeye anaogopa mvua. "Hawa wa kwenye redio siwaelewi," akasema. "Wanasema vipindi vifupi vya mvua katika baadhi ya maeneo. Maeneo gani? Tandika imo? Hebu kijana wako anasemaje kuhusu wiki hii?"

Mtu mwingine angesema nitamuuliza. Lakini kulikuwa na kanafasi kadogo ka ukimya pale, na ulimi wa Suleiman hauachi kitu kama hicho kiende bure. "Anasema wiki hii kavu," akajibu. "Mwambie fundi aezue."

Wakati huo Talha alikuwa ofisini kwake chuoni, anahangaika na nyota mbili zilizozimika kabla Tandika haijawa na jina, na habari za mawingu hana. Hata mwavuli hana.

Mvua nayo haikuwa na habari kwamba kuna posa. Ilianza siku ile fundi alipoteremsha bati la mwisho. Haikuwa ya vipindi vifupi, wala ya baadhi ya maeneo. Makochi yalikunywa maji, godoro likanywa, kabati la vyombo likavimba milango ikakataa kufunga. Bi Chausiku, mama yake Naima, alizunguka na mabeseni akimtaja mtu mmoja kwa jina na mizigo yake yote ya bandarini. Kule Kinondoni Suleiman alikuwa anakula. Akaisikia mvua juu ya bati lake zima, akalirudisha tonge sahanini.

Kesho yake Talha alirudi kabla ya jua kuwa kali. Hakusalimia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mjomba, umewaambia mie mtu wa hali ya hewa?"

"Niliwarahisishia tu. Wazee wale, ningewaambia habari za vibete…"

"Umewaambia niliagiza waezue paa!"

"Hiyo ishu ilikuja ghafla."

Talha akakaa kwenye ngazi ya baraza. Alipoongea tena sauti ilikuwa ndogo. "Kila siku nakueleza ninachofanya. Nilidhani unasikia. Kumbe unaionea aibu."

Suleiman alikuwa na majibu matatu, yote mazuri, moja lilikuwa hata na aya. Kabla hajachagua moja, akawahiwa. Rukaiya ndiye aliyesema kutoka dirishani, "Haionei aibu kazi yako, mwanangu. Anaona aibu kwamba haijui. Muulize kama amewahi kusema 'sijui' tangu anioe."

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu majirani walikuwa wanasikia.

Ujumbe wa Mzee Mfaume ukafika siku ya pili: Alhamisi baada ya alasiri waje wazungumze. Katika lugha ya posa, "njooni tukubaliane" ni heri, na "njooni tuzungumze" ni njooni mchukue barua yenu. Suleiman aliielewa. Mwenye malori bila shaka aliielewa pia, kwani alionekana Tandika akishusha mchanga ambao hakuna aliyeuagiza.

Alhamisi hiyo Talha alimpa mjomba wake sauti kwenye simu. Alikuwa amezichukua hesabu zake na kuzigeuza sauti, akaziharakisha mpaka sikio la mtu likaweza kuzisikia. "Wapigie hii, uwaambie ukweli kama ulivyo," akasema. "Na uiache iende mpaka mwisho, mjomba. Maana pale mwisho…" Lakini simu ya pili ya Suleiman ilikuwa imeita, na safari hii ilikuwa ya mteja wa kweli.

Wakaenda. Talha naye akaenda, kinyume na desturi, ila hakuingia. Alikaa kwenye benchi la muuza kahawa, kona ya mtaa, na kikombe ambacho hakukinywa.

Ndani kwa Mzee Mfaume juu kulikuwa na turubai la buluu, na chini harufu ya sponji iliyolowa. Makochi yalikuwa yamesimamishwa ukutani kwa miguu yao.

"Shikamoo, mzee," akasema Suleiman.

"Marahaba. Karibuni mkekani. Makochi bado yanafuatilia hali ya hewa."

Wazee wawili wa msikitini walikosa pa kuweka "naam" yao. Mzee Mfaume alikuwa na barua ya posa pembeni, ndani ya kile kitambaa chake kilekile, imekunjwa vizuri kama kitu kinachosafiri. Mlango wa kwenda vyumbani ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia, kama ilivyo katika kila nyumba, hakukuwa na mtu. Hakukuwa na mtu kiasi kwamba vidole vya miguu vilionekana chini.

"Mzee wangu," Suleiman akaanza, "kuna jambo halikueleweka vizuri siku ile. Kijana si wa mvua. Ni wa nyota. Si hizo za kwenye nguzo, hizi za kisomi. Kuna sauti yake hapa, naomba tuisikilize, mtafahamu wenyewe."

Akabonyeza. Ikaanza kwa mngurumo wa chini, kama friji bovu la duka la jirani. Ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, polepole. Kisha ukaharakisha. Ukazidi kuharakisha, ukawa mwembamba, ukawa mluzi, mzee mmoja akajishika kifua, na mluzi ulipofika pale ambapo sikio linaomba msamaha, ukakatika.

Kimya.

Suleiman alivumilia kadiri ya uwezo wake, yaani hakuvumilia. Akaipigapiga simu kwenye goti. "Samahani sana, wazee wangu. Imekatika. Mitandao hii, na bando lenyewe…"

"Haijakatika! Imelipuka!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, sauti ya kufika dawati la mwisho. "Ndiyo mwisho wake huo! Nyota zikishalipuka hazizungukani tena, kwa hiyo hakuna cha kutikisa. Huo ukimya ndiyo mlipuko wenyewe. Ndiyo sehemu anayoipigia hesabu, alinirudishia hata mara ngapi sijui, usiku…"

Hapo mwalimu akagundua kwamba hayupo darasani. Vidole vya miguu vikarudi nyuma. Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka, kikazunguka, kikatulia.

Mzee Mfaume akaondoa miwani, akaifuta kwa pindo la msuli, akaivaa tena. Alikuwa na muda wote wa dunia.

"Mshenga," akasema. "Si uliniambia hawajuani zaidi ya salamu ya mbali?"

Suleiman akafungua mdomo. Majibu yalikuwepo. Angeweza kusema binti kasoma mtandaoni. Angeweza kusema ni elimu inayofundishwa siku hizi shule zote za msingi za Mbagala. Akaona makochi yamesimama ukutani, akaona barua ndani ya kitambaa, akamkumbuka Talha pale kwenye ngazi na ile sauti yake ndogo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba maneno yake mwenyewe ndiyo yanayompeleka mtoto wa dada yake kwenye kukosa.

"Nilidanganya," akasema.

"Na hali ya hewa?"

"Hiyo nayo."

"Hiyo nilishaambiwa na mvua. Sasa leo niambie kweli. Kijana anafanya nini?"

"Sijui, mzee wangu."

Neno lilitoka kwa shida, lilikuwa halijawahi kutumika. Baada ya hapo mengine yakalifuata. "Anavyosema yeye, kuna nyota zimeshazimika, ziko mbili mbili, zinazungukana mpaka zinagongana na kulipuka. Kuna mtikisiko unatoka hapo. Yeye anapiga hesabu ili mtikisiko huo ukija autambue. Haujawahi kusikika. Na chombo cha kuusikia hakijarushwa. Nimemlea tangu anatambaa, nampenda kuliko macho yangu, na kila asubuhi ananieleza, na mie nakula vitumbua. Nikaona haya kuja kwenu kusema sijui. Kosa ni langu. Yeye hajawahi kumwambia mtu lini mvua inanyesha."

Mzee Mfaume akafikiri. Upepo ukainua turubai, ukalirudisha.

"Na hicho chombo kisiporushwa?"

"Atakuwa amesubiri bure," akasema Suleiman. Hakuongeza kitu.

"Mie nimekaa kwenye kibanda cha ishara maisha yangu yote," akasema Mzee Mfaume, "nasubiri treni. Nyingine niliambiwa imeshaondoka huko, na mpaka nimestaafu sijaiona. Lakini taa niliwasha kila siku. Watu walikuwa wananicheka. Mama Naima alikuwa hanicheki." Akaigeuza barua ndani ya kitambaa, akaiacha palepale. "Lori unalisikia likija. Kusubiri kitu usichokisikia kunataka mtu wa namna yake. Ila si mimi ninayeolewa."

Akageukia pazia.

"Naima. Najua upo hapo, mtaa mzima umekusikia. Kijana hajui mvua, na anachokisubiri hakijaja. Mjomba wake mwongo. Unasemaje?"

Nyuma ya pazia hapakutoka neno.

Lilikuwa jambo la ajabu, na kila aliyemfahamu binti yule alilijua hivyo. Huyu alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali tangu akiwa chekechea. Suleiman akaisikia ile sentensi yake ya miaka yote ikipanda kooni, imeshapigwa pasi, imeshavaa viatu. Alhamdulillahi, kanya… Mzee Mfaume akainua kidole kimoja tu, bila kumtazama. Suleiman akafumba mdomo.

Basi akausikia. Alilisikia turubai likipumua. Alimsikia muuza maji akipita na mkokoteni, akaenda, akapotea. Alizisikia bangili nyuma ya pazia zikigongana kidogo na kutulia, kama za mtu aliyejishika mikono. Hakikuwa kitu kitupu, ule ukimya. Ulikuwa umejaa, na uliendelea kujaa, na haukumhitaji yeye kwa lolote. Akawafikiria mabinti wote aliowakatisha, na akaona aibu ya kweli, tofauti na zile za majirani. Machozi yakamtoka, akayaacha.

Mzee Mfaume akashusha kidole.

"Umesikia, mshenga?"

"Nimesikia."

"Basi kampelekee kama ulivyosikia. Usiongeze neno."

Kigelegele cha Bi Chausiku kilimkuta tayari yuko uani, anatafuta viatu vyake. Wazee wawili walibaki ndani wakisema "naam" kwa mfululizo, kufidia.

Kwenye kona Talha alisimama mara tu alipomwona. Kahawa ilikuwa imepoa, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika benchi. Alimwona mjomba wake ana macho mekundu, na uso wake ukabadilika.

"Mjomba. Amesemaje?"

Suleiman alisimama mbele yake. Mdomo ulifunguka, kwa mazoea. Kisha akaufumba, akamshika kijana mabega yote mawili, akamtazama, akanyamaza.

Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake. Talha alingoja, akangoja tena, akimchunguza mjomba wake usoni, mtu ambaye hajawahi kumaliza hata pumzi moja bila neno. Kisha taratibu akaanza kucheka.